Soriasisi inapoamka baada ya kuungua na jua: la kufanya kuanzia siku ya kwanza hadi kurudi juani

Karibu kila mwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba, ameshaambiwa aote jua. Ushauri huo una ukweli: miale ya urujuanimno hutuliza kinga ya mwili kwenye ngozi na kupunguza kasi ya seli zinazozaliana ovyo, na ndiyo maana hospitali zina mashine za mwanga wa UVB, aina mojawapo ya miale hiyo. Ila mashine hupimwa kwa sekunde, na dozi hupandishwa kidogo kidogo. Anayejilaza ufukweni Kigamboni au Nyali kuanzia saa 5 hadi saa 8 mchana hajapata tiba. Amepata jeraha la moto, na soriasisi hupenda majeraha.

Tabia hiyo ya soriasisi kuota palipoumia inaitwa athari ya Koebner, kwa jina la daktari wa ngozi wa Kijerumani aliyeieleza katika karne ya 19. Mkwaruzo, chanjo, chale, mkanda unaobana, na hata kuungua na jua vinaweza kuianzisha. Haimpati kila mgonjwa, lakini ukishaipata mara moja, jihesabu kuwa ni mmoja wao. Kinachowachanganya watu ni kuchelewa kwake. Ngozi huungua leo, maumivu huisha ndani ya wiki, kisha mabaka huchipuka kati ya siku ya 10 na ya 20, wakati jua limeshasahaulika. Mgonjwa analaumu samaki, sabuni mpya au kijicho cha jirani. Angalia umbo la mabaka: yakifuata ukingo wa kola, alama ya mkanda wa sidiria, au mistari ya kichwani kati ya twende kilioni, jua ndilo lililoyaleta.

Kwa hiyo kuna kazi mbili, na mpangilio wake haugeuzwi. Kwanza zima moto wa ngozi, halafu shughulikia soriasisi. Wengi huharibu hapa: wanaona mabaka yamevimba, wanapaka dawa kali za soriasisi juu ya ngozi iliyoungua, na jeraha dogo linakuwa kubwa.

Kujua kwamba umeungua

Ngozi nyeusi huungua, ila haitoi wekundu ule unaoonekana kwenye picha. Tumia mgongo wa kiganja. Ugusishe begani, kisha ugusishe tumboni pasipopigwa na jua. Tofauti ya joto ikiwa dhahiri, ngozi ikavuta kama imepungua ukubwa, shati likichoma linapogusa, basi umeungua. Dalili huanza saa 3 hadi 5 baada ya jua na kufika kilele kati ya saa 12 na 24, kwa hiyo usijipime jioni ileile ukasema umepona. Mabaka ya soriasisi yenyewe kwenye ngozi nyeusi huwa ya zambarau iliyofifia, kijivu au kahawia iliyokolea, na yakiungua huwa meusi zaidi na hupasuka kingoni.

Sehemu zinazosahauliwa ni masikio, kisogo cha aliyenyoa, mistari ya msuko, sehemu ya juu ya nyayo, na mapaja ya mwendesha bodaboda aliyevaa kaptula.

Siku ya kuungua

Ondoka juani mara tu unapohisi ngozi inachoma, usingoje kumaliza ulichokuwa unafanya. Vua nguo inayobana, pete na saa, maana ngozi inaweza kuvimba.

Poza kwa maji baridi ya kawaida. Maji ya mtungini yanafaa kabisa; barafu haifai, kwa sababu hubana mishipa ya damu na kuiumiza tena ngozi iliyokwisha kuumia. Oga kwa kumwagia kata, au loweka kanga safi ya pamba, ikamue kidogo, uiweke juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 10 hadi 15. Rudia kila baada ya saa mbili au tatu siku hiyo. Usitumie dodoki, usisugue magamba, na sabuni iachie kwapa na sehemu za siri tu. Povu kwenye ngozi iliyoungua huondoa mafuta machache yaliyobaki.

Jikaushe kwa kubonyeza taulo, si kwa kufuta. Ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu hivi, paka losheni nyepesi isiyo na manukato. Mafuta ya mgando ni rafiki mkubwa wa mwenye soriasisi, lakini siku hii yaache kabatini. Hutengeneza tabaka zito linalozuia joto kutoka, na ngozi ambayo bado ina moto itaendelea kuungulika chini yake. Zamu yake inakuja baada ya siku mbili.

Ukitaka mshubiri, tumia vizuri. Kata jani, lisimamishe kwa robo saa ili utomvu wa njano utiririke wote, lioshe, menya ganda, kisha chukua ute mweupe unaopitisha mwanga tu. Ule utomvu wa njano ndio unaowasha watu, halafu wanasema mshubiri umewakataa. Jaribu kwanza sehemu ndogo kama shilingi, ungoje nusu saa.

Dawa ya meno, ute wa yai na spiriti visikaribie. Ndimu ndiyo mbaya kuliko vyote. Maji ya ndimu yakikutana na jua kwenye ngozi huleta kuungua kwa aina yake, kunakoambatana na malengelenge na alama nyeusi zinazokaa miezi, na aliyeanza na jeraha moja anakuwa na mawili.

Kwa maumivu, mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kumeza paracetamol vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku, akihesabu na iliyomo ndani ya dawa za mafua. Ibuprofen hupunguza pia uvimbe, ila haimfai mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito, na kuna wagonjwa ambao soriasisi yao huchafuka kwa dawa za kundi hilo. Anayetumia methotrexate, dawa ya soriasisi kali, asiguse ibuprofen wala diclofenac bila kumuuliza daktari wake, kwa sababu zinaweza kuifanya methotrexate ibaki mwilini kwa kiwango cha sumu.

Kunywa maji kuliko kawaida yako. Ukiona mkojo umekuwa wa njano iliyokolea au kichwa kinazunguka, koroga pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, unywe kidogo kidogo.

Siku ya pili na ya tatu: dawa gani zisimame

Toa dawa zako zote za soriasisi, uzipange mezani. Zenye salicylic acid, lami ya makaa ya mawe, dithranol, tazarotene na calcipotriol zisimame kwenye sehemu zote zilizoungua. Nne za mwanzo huunguza au kuchubua ngozi iliyojeruhiwa, na calcipotriol huwasha. Lami ina kosa la ziada: huifanya ngozi iungue haraka zaidi juani, hata kesho yake. Mtu aliyepaka shampuu ya lami asubuhi na kutembea kichwa wazi mchana mara nyingi amejitafutia mwenyewe.

Krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe, kama hydrocortisone au betamethasone) uliyoandikiwa kwa ajili ya mabaka inaweza kuendelea kwenye mabaka yasiyopasuka. Sehemu iliyoungua isiyo na malengelenge inaweza kupakwa hydrocortisone ya asilimia 1 mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Faida yake ni ndogo, husaidia zaidi muwasho kuliko kuponya, kwa hiyo ukiwa huna usihangaike.

Malengelenge yaache mazima. Ile ngozi ya juu ni bandeji bora kuliko yoyote ya dukani. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji na sabuni laini, paka mafuta ya mgando kiasi, funika kwa gozi isiyogandana, badilisha kila siku.

Anayemeza methotrexate mara moja kwa wiki ampigie daktari kabla ya dozi inayofuata, hasa ikiwa inaangukia siku chache baada ya kuungua. Dawa hii inaweza kuliamsha upya jeraha la jua lililokuwa linapoa. Na anayepata tiba ya mwanga hospitalini aseme mapema. Kikao huahirishwa hadi ngozi ipoe. Ukinyamaza, utapigwa mwanga juu ya jeraha.

Muda huohuo jiulize kwa nini uliungua haraka hivyo. Doxycycline, ciprofloxacin, septrin, griseofulvin ya fangasi, na hydrochlorothiazide iliyomo kwenye vidonge vingi vya presha, zote huongeza uwezekano wa ngozi kuungua. Vivyo hivyo krimu za kujichubua, zinazoondoa rangi inayokulinda. Dawa ya presha usiiache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia.

Siku ya nne hadi ya ishirini: kipindi cha kuvizia

Joto likiisha, mgonjwa hulegeza. Hapa ndipo kazi hasa ilipo, kwa sababu kila jeraha jipya utakaloongeza juu ya ngozi hii ni mlango mwingine wa Koebner.

Ngozi itaanza kubambuka. Usiivute. Kipande kinachoning'inia kikate kwa mkasi mdogo ulioosha kwa spiriti, usawa wa ngozi. Sasa mafuta ya mgando yanaruhusiwa: paka mara mbili au tatu kwa siku, kwa kufuata mlalo wa vinyweleo, kutoka juu kwenda chini. Kusugua kwa mizunguko huziba matundu ya vinyweleo na kuleta vipele ambavyo utadhani ni soriasisi mpya. Mtu mzima mwenye soriasisi ya mwili mzima anaweza kumaliza hadi gramu 500 za mafuta kwa wiki, kwa hiyo kikopo kidogo cha gramu 50 kisikudanganye kwamba unapaka vya kutosha. Tahadhari moja ya jikoni: mafuta haya hulowa kwenye nguo na shuka, na kitambaa chenye mafuta hushika moto haraka sana. Usiinamie jiko la mkaa ukiwa na kanga iliyolowa mafuta.

Muwasho huja usiku. Kata kucha ziwe fupi, kisha zisuguliwe ncha. Panapowasha weka kitambaa cha maji baridi kwa dakika tano, halafu mafuta. Vidonge vya mzio kama cetirizine havigusi sana muwasho wa soriasisi. Chlorpheniramine humsaidia mtu kulala tu, na asubuhi yake usiendeshe chombo.

Nguo ziwe za pamba, pana, bila mshono mnene begani. Mkoba wa kuning'iniza upande mmoja upumzike. Aliyeungua kichwani asisuke wala asiweke dawa ya nywele hadi wiki ya nne. Kuvuta nywele ni jeraha tosha.

Dawa zilizosimama zirudi lini? Kipimo ni hiki: maji ya kuoga na mafuta yasichome kwa siku mbili mfululizo, na pasiwe na sehemu mbichi. Zirudishe moja moja, ukiacha siku tatu kati ya moja na nyingine. Calcipotriol ipakwe usiku, kwa sababu mwanga wa jua huiharibu. Usiichanganye na salicylic acid mahali pamoja, kwa sababu asidi huiua nguvu. Jumla ya calcipotriol kwa mtu mzima isizidi gramu 100 kwa wiki.

Mabaka mapya yakitokea

Kila siku mbili kagua palipoungua, mchana, mbele ya dirisha. Baka jipya huanza kama punje ya dengu: kauvimbe kadogo, kagumu kidogo, juu yake kuna unga mweupe ukikwangua taratibu. Likikamatwa hapo linatibika kwa urahisi kuliko likishaungana na wenzake.

Kwa mwili na miguu, daktari mara nyingi huandika betamethasone ya asilimia 0.1, mara moja au mbili kwa siku, kwa wiki mbili hadi nne. Usoni, shingoni na kwenye mikunjo ni hydrocortisone tu. Kiasi hupimwa kwa kidole: minya dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mstari wa kwanza wa kiungo. Hiyo ni nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Mkono mzima bila kiganja huhitaji vipimo 3, mguu 6, mgongo mzima 7. Piga hesabu: aliyeungua mgongo mzima akipaka mara mbili kwa siku atatumia gramu 7, na bomba la gramu 15 litakaribia kuisha siku ya pili. Eneo la ukubwa huo si la kujitibu kwa mabomba ya duka la dawa. Ni la daktari wa ngozi.

Baka likishalala, usikate dawa ghafla. Shuka hadi kupaka siku moja na kuruka siku moja, halafu siku mbili tu kwa wiki, kwa wiki mbili zaidi.

Utajuaje kwamba limelala? Fumba macho, pitisha ncha ya kidole. Ukihisi kingo na ukavu, bado lipo. Ukihisi ngozi sawa na jirani yake, kilichobaki ni kivuli cha rangi, cheusi au cheupe, kitakachofifia kwa miezi. Kivuli hakitibiwi kwa steroidi wala kwa krimu ya kujichubua. Watu wengi huendelea kupaka betamethasone kwenye kivuli hadi ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inapasuka kwa mkwaruzo mdogo, na mwaka unaofuata inaungua na jua kwa urahisi zaidi.

Dawa za dukani za kuogopa

Soriasisi hudhaniwa fangasi kila siku. Muuzaji hutoa bomba la mchanganyiko: steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki pamoja. Steroidi iliyomo hutuliza kwa siku chache, mgonjwa hushukuru, akiacha hurudi. Angalau hilo ni la kupaka.

La hatari ni vidonge vya prednisolone au sindano ya dexamethasone "ya mzio". Ndani ya siku mbili ngozi hung'aa. Dawa ikiisha, soriasisi inaweza kurudi na nguvu isiyokuwa nayo kabla, ikiwa mwili mzima mwekundu na kubambuka, au vipele vya usaha vilivyotapakaa. Hali zote mbili humlaza mtu hospitali na zinaweza kuua. Ukiandikiwa steroidi ya kumeza kwa ajili ya kuungua na jua, taja soriasisi kwa sauti. Kwa mgonjwa wa pumu mambo ni tofauti, anaweza kuihitaji kweli, lakini daktari ajue.

Kwenda hospitali bila kungoja

Nenda siku hiyohiyo ukiona homa na kutetemeka; malengelenge kwenye eneo kubwa kuliko mgongo wa juu; vipele vidogo vya usaha vinavyochipuka kwa makundi; wekundu au weusi wa moto uliosambaa karibu mwili mzima; usaha, harufu au maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu; kuchanganyikiwa, au mkojo kukatika. Mtoto mchanga aliyeungua na jua apelekwe hata kama anacheza.

Soriasisi iliyokuwa kidogo ikalipuka ghafla na kukataa dawa ni sababu ya kupima VVU. Virusi hivyo hujulikana kuichochea, na dawa za kufubaza mara nyingi huituliza na ngozi pia. Kama ulikuwa na koo linalouma wiki mbili au tatu kabla, na mabaka ni madogo kama matone mwili mzima, huenda jua halina kosa. Lisemee koo hilo kliniki.

Kwa daktari wa ngozi, hospitali za rufaa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, Kenyatta jijini Nairobi na KCMC Moshi zina kliniki. Fika na mabomba yako yote, hata matupu, na picha za simu za siku ya kuungua. Daktari akiona umbo la jeraha la mwanzo, nusu ya maswali yamejibiwa.

Kurudi juani

Usijifungie ndani maisha yote, isipokuwa kama wewe ni wa lile kundi dogo ambalo soriasisi huchafuka hata kwa jua lisilounguza. Subiri ngozi ipone kabisa, wiki nne hadi sita. Kisha anza na dakika 5 kabla ya saa 3 asubuhi, mara tatu kwa wiki, ukiongeza dakika 2 kila wiki. Ngozi ikibaki na joto jioni, rudi nyuma hatua mbili.

Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri tumia sheria ya kivuli: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na wakati huo kivuli cha mchana hujikusanya miguuni kama mbwa aliyelala. Mawingu hayakukingi, miale mingi hupenya. Mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 ya miale, povu la bahari asilimia 25, kwa hiyo mwavuli ufukweni ni nusu ya kinga. Anayerudi Desemba kutoka kwenye baridi ya Ulaya asijilinganishe na alivyokuwa kabla ya kuondoka. Ngozi yake imepoteza mazoea ya jua.

Losheni ya kujikinga iwe SPF 30 au zaidi, isiyo na manukato, ikiwezekana yenye zinki, ambayo haichomi mabaka. KCMC hutengenezwa Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Wapewe wao kwanza. Kwao ni suala la saratani. Kipimo ni kijiko cha chai kimoja kwa uso na shingo, kimoja kila mkono, viwili kifua na mgongo, viwili kila mguu, dakika 20 kabla ya kutoka, na urudie kila saa mbili na baada ya kuogelea. Hivyo ni vijiko 9, kama mililita 45, na chupa ya mililita 100 haifiki mara ya tatu. Ndiyo maana kwa mvuvi, mkulima au muuza matunda barabarani nguo ni kinga ya bei nafuu zaidi: shati la mikono mirefu la rangi iliyokolea, lililofumwa kwa kubana, na kofia ya ukindu yenye ukingo wa sentimita 8 unaofunika na masikio. Inua shati kuelekea dirishani kabla ya kuvaa. Ukiona vidole vyako kupitia kitambaa, jua nalo litakuona. Na shati likilowa, badilisha, maana pamba iliyolowa hupitisha miale zaidi kuliko kavu.